SI KILA MGONGO UNAOUMA NI MGONGO WA KAZI

Ndugu mfanyakazi, katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za kofia ya chuma, viatu vya kazi, vumbi la mawe, na namna ya kuinua mzigo bila kuumiza kiuno. Leo tunakuomba uketi, na bibi yako aketi karibu nawe, kwa sababu jambo lenyewe linahusu nyumba nzima. Tutasema juu ya kansere ya prostati, na zaidi tutasema namna inavyotoka mahali pake na kwenda kukaa katika mifupa ya mwanaume.

Kwa nini tuseme juu ya mifupa? Kwa sababu ni hapo watu wanapodanganyika. Mtu aliyefanya kazi ya mgodi miaka ishirini na mitano, mgongo wake ukiuma, nani atashangaa? Yeye mwenyewe anasema: "Ni kazi." Kapita wake anasema: "Ni kazi." Jirani anamletea vidonge vilivyobaki katika chupa yake. Mkwe anashauri achanjwe kiunoni. Na kweli, mara nyingi ni kazi: misuli iliyovutika, pingili zilizochakaa kwa kuinama na kwa mtikisiko wa mashine. Lakini kati ya migongo hiyo mingi, upo mmoja ambao haukuharibiwa na kazi. Huo ndio tunaoutafuta leo. Ukijulikana mapema, mwenyewe anaendelea kutembea. Ukichelewa, anaweza kubaki kitandani na miguu iliyokufa.

PROSTATI NI NINI?

Prostati ni tezi ya mwanaume. Mwanamke hana. Inakaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa mwisho, nayo imeuzunguka mfereji wa mkojo kama kiganja kinavyoshika mpini. Kwa kijana ukubwa wake ni kama ndimu ndogo. Kazi yake ni kutoa maji yanayochanganyika na mbegu za uzazi.

Tezi hii ina magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kukua kwa sababu ya umri. Baada ya miaka 50 prostati ya wanaume wengi inaongezeka polepole, inaubana mfereji, mkojo unatoka kwa shida, na mtu anaamka usiku mara tatu au nne. Hiyo si kansere, wala haigeuki kuwa kansere. La pili ni kansere yenyewe: chembe za tezi zinaacha kutii amri ya mwili, zinazaana ovyo, halafu zinatoka mahali pake.

Sasa sikiliza vizuri. Kansere hii mara nyingi inaanza upande wa nje wa tezi, mbali na mfereji wa mkojo. Kwa hiyo mkojo unaweza kupita vizuri kwa miaka, na mwenyewe asijue kitu. Wako wanaume ambao dalili yao ya kwanza kabisa ni maumivu ya mfupa. Basi, wewe unayekojoa vizuri, usiseme: "Mimi sina." Na wewe unayekojoa kwa shida, usilie kabla hujapimwa, kwa maana wengi kama wewe wana lile la umri tu.

Ugonjwa huu ni wa watu wazima. Kabla ya miaka 50 ni mara chache. Kama baba yako au ndugu yako wa tumbo moja aliupata, hatari yako ni karibu mara mbili ya mwingine. Sisi watu weusi tunaupata zaidi, na wengine wetu mapema zaidi. Katika nchi nyingi za Afrika, kusini ya Sahara, ndiyo kansere inayowapata wanaume wengi kuliko kansere nyingine zote. Hauambukizi. Bibi hawezi kuupata kwa bwana, wala bwana hakuupata kwa bibi. Maneno ya namna hiyo yamevunja ndoa bure katika kambi.

Haujui cheo pia. Rais Mobutu alipasuliwa kwa ajili ya kansere ya prostati huko Lausanne, Uswisi, mwezi wa 8 mwaka 1996, akafariki Rabat, Marokko, tarehe 7-9-1997.

NJIA YA KWENDA MIFUPANI

Chembe za kansere zinapotoka katika tezi, zinaingia katika mishipa midogo ya damu. Wewe uliyefanya kazi ya pampu shimoni utaelewa upesi. Ili maji yapande bila kurudi, bomba lina klape. Mishipa mingi inayorudisha damu kutoka miguuni ina klape za namna hiyo. Lakini mwaka 1940 mwalimu mmoja wa Marekani, Oscar Batson, alionyesha kwamba mishipa inayouzunguka uti wa mgongo haina klape, nayo imeungana na mishipa ya nyonga. Ukikohoa, ukijikaza chooni, tumbo linaisukuma damu, na damu inaweza kugeuza njia ikapanda kupitia mgongoni. Chembe za kansere zinabebwa humo. (Usije ukasema kukohoa kunaleta kansere! Kansere ilikuwako tayari. Sisi tunaeleza barabara inayopita.)

Lakini kufika si kukaa. Munganga Mwingereza, Stephen Paget, alichunguza habari za wanawake waliokufa kwa kansere ya ziwa, na mwaka 1889 akaandika kwamba ugonjwa huo haukai popote kwa bahati tu. Alizifananisha chembe na mbegu, na viungo vya mwili na udongo. Upepo unabeba mbegu pande zote, lakini inaota pale tu inapopata udongo wake. Mama anayelima shamba nyuma ya kambi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa kansere ya prostati, udongo ulio mzuri ni mfupa, hasa mfupa wenye uboho mwekundu ndani yake, ule unaotengeneza damu. Kwa hiyo mahali pa kwanza ni pingili za mgongo, zaidi zile za kiunoni, na mifupa ya nyonga. Kisha mbavu, mfupa wa kifua, sehemu ya juu ya mfupa wa paja, mabega, na hata fuvu. Mifupa ya mikono na ya miguu chini ya goti ni mara chache.

Hata ikiota mfupani, inabaki kansere ya prostati. Haikuwa ugonjwa mwingine. Ndiyo maana munganga anaweza kutafuta chanzo chini ya kibofu wakati wewe unalalamika ubavu. Usimcheke, wala usiseme hakukusikia.

MFUPA UNAOJENGWA OVYO

Watu wengi wanafikiri mfupa ni kitu kilichokufa, kama jiwe. Kumbe mfupa unaishi. Ndani yake mna mafundi wa namna mbili: wako wanaobomoa sehemu iliyochoka, na wako wanaofuata nyuma yao na kujenga upya. Kazi hiyo haikomi, mchana na usiku, tangu utoto hadi kufa. Ndiyo inayounganisha mkono uliovunjika.

Kansere inapoingia, inawachochea mafundi hao. Kansere nyingine zinawachochea zaidi wale wanaobomoa, na mfupa unatobolewa matundu. Ile ya prostati inawachochea zaidi wale wanaojenga, ingawa wabomoaji nao hawalali. Mfupa mpya unarundikana juu ya ule wa zamani, bila mpango. Katika picha ya radio unaonekana mweupe sana, mzito, na mtu asiyejua anaweza kusema: "Mbona mfupa huu una nguvu!" Sivyo. Wewe unajua kwamba dari la mgodi halishikwi kwa wingi wa miti iliyotupwa pale chini. Linashikwa kwa miti iliyosimamishwa sawasawa, kila mmoja mahali pake. Mfupa huo mweupe ni rundo la miti. Unaonekana mwingi, lakini ukibebeshwa mzigo unavunjika.

Maumivu nayo yanatoka hapo. Ngozi nyembamba inayoufunika mfupa inavutwa, ina mishipa mingi ya fahamu, nayo inalia. Na uboho ukijazwa kansere, nafasi ya kutengeneza damu inapungua. Mtu anakuwa mweupe katika macho, anachoka kupanda ngazi moja. Nyumbani wanamnunulia shurupu ya kuongeza damu, chupa baada ya chupa, na damu haiongezeki.

NAMNA YA KUPAMBANUA

Mtu anafika dispensere asubuhi, kabla ya kuingia kazini. Tuseme ana miaka 57.

"Munganga, mgongo unaniuma. Nipe vidonge niende."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwanzo wa mvua."

"Ukilala, unapoa?"

"Hapana. Ukilala ndiyo unazidi. Usiku naketi katika kiti."

Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko mengine yote. Mgongo wa kazi unauma ukiinama, ukiinua, ukimaliza zamu. Ukilala juu ya kitanda kigumu unapungua, na baada ya majuma machache mara nyingi unapona. Mgongo wenye kansere unauma ukiwa umepumzika. Unamwamsha mtu usiku. Hauendi mbele na kurudi nyuma kama ule mwingine. Unaongezeka juma kwa juma. Mara nyingi unauma mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na ukipapiga kidogo juu ya pingili mtu anaruka. Halafu maumivu mengine yanatokea mahali pengine, ubavuni au pajani, bila kuanguka wala kugongwa. Mtu anakonda. Chakula hakimpendezi, hata bukari na samaki anaacha nusu sahani.

Mwanaume aliyepita miaka 50, ambaye mgongo wake haujawahi kumsumbua hivyo, na sasa unamwamsha usiku, hapaswi kungoja. Nasema hivyo hata kama anafanya kazi ya ofisi.

Si lazima iwe kansere. Kifua kikuu kinaweza kukaa katika pingili za mgongo, na hapo hata kijana anapata maumivu ya usiku, pamoja na homa ya jioni, jasho na kukonda. Kifua kikuu hicho kina dawa na kinapona. Hiyo ni sababu nyingine ya kuja, wala si ya kukaa nyumbani.

Sasa neno juu ya vidonge vya sokoni. Indometasini, wengi mnaijua, inapunguza maumivu ya mfupa kweli, lakini inatoboa tumbo. Tumeona watu wenye choo cheusi kama lami kwa sababu yake. Deksametazoni na predinisoloni zinauzwa mezani kandokando ya barabara kama pipi, na mtu akizimeza anajisikia kijana kwa siku chache. Kisha ugonjwa unaendelea chini yake, kimya. Kama umezitumia, tuambie. Hatutakufukuza. Na kama umezitumia muda mrefu, usiziache kwa ghafula bila kutuuliza, kwa kuwa mwili umekwisha kuzizoea.

MIGUU IKIANZA KULEGEA, NI HATARI YA SIKU ILE ILE

Hapa, akina mama, tunawaomba msome mara mbili, kwa maana mara nyingi ninyi ndio mnaoona kwanza.

Ndani ya pingili za mgongo umepita uti mkubwa wa fahamu, kama waya wa umeme ndani ya bomba. Ukitoka kichwani unashuka, na kutoka kwake zinatoka nyaya za miguu, za kibofu na za choo. Pingili yenye kansere ikivimba au ikibonyea, inaubana waya huo. Dalili zinakuja hivi: mgongo uliokuwa unauma unazidi ghafula, au maumivu yanazunguka kifua na tumbo kama mkanda uliokazwa. Bwana anajikwaa mahali pasipo na kitu. Anashindwa kuinuka katika kiti bila kujisukuma kwa mikono. Anasema miguu ni mizito, au kwamba hasikii vizuri sandali ilipo. Sehemu zinazogusa kiti anapoketi zinakufa ganzi. Mkojo unakataa kutoka, au unatoka wenyewe. Choo kinafunga, au kinamponyoka.

Ukiona hayo, hesabu ni ya masaa, si ya siku. Usingoje mwisho wa zamu, usingoje siku ya malipo, usingoje mjomba afike kutoka kijijini. Tena usimpeleke kwa mufumu kwanza, "tujaribu kidogo". Wengi wanaofika hospitali wakiwa bado wanatembea, wakipata dawa ndani ya siku moja, wanabaki wakitembea. Yule ambaye miguu yake imekwisha kufa siku kadhaa, ni wachache wanaosimama tena. Tofauti ya watu hao wawili mara nyingi si ukubwa wa kansere. Ni saa ngapi nyumba ilikaa ikizungumza.

Na namna ya kumbeba? Mnaijua, mlifundishwa katika masomo ya usalama. Mumbebe kama mtu aliyeangukiwa na jiwe: alale chali juu ya ubao au mlango, mgongo umenyooka, watu wanne wanamwinua pamoja kwa sauti moja. Msimweke nyuma ya baiskeli, wala msimkunje katika kiti cha gari.

Jambo la pili la haraka ni mfupa wa paja. Mwanaume mwenye ugonjwa huu, akianza kuumwa pajani au katika nyonga kila anapokanyaga, asitembee tena mpaka apigwe radio. Mfupa wa namna hiyo unaweza kuvunjika kwa kugeuka tu kitandani. Ukijulikana kabla, munganga wa upasuaji anaweza kuutia chuma ndani.

HOSPITALINI WATAKUFANYA NINI?

Watakuuliza, watakupapasa mgongo, watatazama nguvu za miguu. Kisha munganga atavaa kinga ya mkono na kuipapasa prostati kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Najua wanaume wengi wanaogopa hapo kuliko wanavyoogopa baruti. Ni kazi ya dakika moja. Jifunze sasa hivi anachotafuta: kunja ngumi kidogo, gusa nyama laini iliyo chini ya kidole gumba chako, prostati nzuri iko hivyo. Halafu gusa kifundo cha kidole. Ukipata ugumu wa namna ile ndani ya tezi, kuna jambo la kuchunguza. Yule anayekataa kidole hicho kwa sababu ya heshima yake ya kiume, aulize wake za wenzake waliokataa.

Watatoa damu kupima kitu kinachoitwa PSA, ambacho prostati inakitoa. Hesabu inapopita 4 munganga anaanza kuuliza, ingawa uvimbe wa umri na uambukizo wa mkojo pia vinaipandisha. Ikipita 100, anafikiri mara moja juu ya mifupa. Kumpima PSA kila mwanaume asiye na dalili ni jambo ambalo wanganga wenyewe wanabishana juu yake. Kama una miaka 45 na baba yako alikuwa na ugonjwa huu, zungumza na munganga akushauri. Lakini kwa mwenye maumivu ya mfupa hakuna mabishano, apimwe.

Baadaye inakuja picha ya radio. Jua kwamba picha ya kwanza ikiwa safi haimalizi neno, kwa sababu radio inachelewa kuona. Mfupa unaweza kuwa na ugonjwa miezi kabla haujaonekana. Maumivu yakiendelea, rudi. Ili kuhakikisha, wanachukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano na kuvitazama kwa mikroskopu.

JE, IKIWA IMEFIKA MIFUPANI, YOTE YAMEKWISHA?

Hapana. Hatutakudanganya: kansere iliyofika mifupani haing'olewi kabisa. Lakini inaweza kulazwa, wakati mwingine kwa miaka.

Mwaka 1941, huko Chicago, munganga Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba kansere ya prostati inalishwa na homoni ya kiume, inayotengenezwa zaidi katika korodani, yaani mayai ya mwanaume. Walipoiondoa homoni hiyo, uvimbe ulipungua na wagonjwa walipata nafuu katika mifupa yao. Huggins alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hata leo huo ndio msingi wa matibabu. Namna zake ni mbili. Ya kwanza ni upasuaji mdogo wa kutoa sehemu ya korodani inayotengeneza homoni. Unafanyika mara moja, bei yake si kubwa, na homoni inashuka ndani ya masaa. Ya pili ni sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, ambazo hazikati kitu lakini ni za kununua maisha yote. Nyingi za sindano hizo zinaipandisha homoni siku za kwanza kabla ya kuishusha, kwa hiyo munganga anatanguliza vidonge vya kuzuia. Mwenye mgongo unaobana uti hapewi sindano ya namna hiyo peke yake.

Wanaume walio wengi wanapata nafuu. Wako waliobebwa na ambao baada ya majuma machache wanajiendea msalani wenyewe. Lakini dawa hiyo inadai malipo yake: nguvu za kitandani zinaondoka, joto linapanda mwilini ghafula, nyama zinapungua, na mifupa inakuwa myepesi. Bwana na bibi wazungumze habari hiyo kabla ya upasuaji, pamoja na munganga. Nimeona mwanaume akikimbia hospitali usiku kwa sababu hakuna aliyemwambia bibi yake, na yeye hakujua aanze vipi.

Mfano wa kusadikisha upo. François Mitterrand alichaguliwa kuwa rais wa Ufaransa mwaka 1981. Mwaka ule ule alikuwa akiumwa mgongo na mguu. Mwezi wa 11 wanganga walikuta kansere ya prostati iliyokwisha kufika mifupani. Habari ilifichwa, taifa lake lilijua juu ya kansere mwaka 1992 tu, alipopasuliwa. Alimaliza vipindi vyake viwili vya urais, akafariki tarehe 8-1-1996, miaka zaidi ya 14 baada ya ugonjwa kujulikana. Si wote wanaopata miaka hiyo. Wengi, baada ya miwili au mitatu, kansere inajifunza kuishi bila homoni, na hapo zinahitajika dawa nyingine zenye bei kali. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba mifupa ikiguswa ni kuchimba kaburi.

Maumivu ya mahali pamoja yanaweza kutulizwa kwa mashine ya miali, mara nyingine kwa kikao kimoja tu. Mashine hizo ni chache katika nchi zetu, na munganga ndiye atakayejua ipi inafanya kazi na namna ya kuifikia. Kuna dawa za kuimarisha mfupa. Na kuna morfini. Watu wanaiogopa, wanasema ni ya kumalizia mgonjwa. Sivyo. Ikipimwa na munganga, ikinywewa kwa saa zake bila kungoja maumivu yarudi, inampa mtu usingizi na mazungumzo na watoto wake. Taabu yake kubwa ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya choo inakwenda pamoja nayo tangu siku ya kwanza.

NYUMBANI

Mama, usiruhusu mtu amkande bwana yako mgongo kwa nguvu, wala amkanyage kwa miguu kama tunavyofanyiana tukichoka. Pingili dhaifu inaweza kubonyea. Asibebe ndoo ya maji, asiinue gunia la unga. Ondoa mkeka unaoteleza mlangoni, weka taa au tochi kwenye njia ya msalani, kwa maana kuanguka usiku ndiko kunakovunja paja. Lakini asilale siku nzima. Kama munganga hakumkataza, atembee uani asubuhi na jioni, mfupa unapenda kutembea. Chakula kiwe kile kinachojenga mifupa na ambacho kinapatikana sokoni kwetu: ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao, lengalenga, sombe, maharagwe. Akivuta tumbako, aache. Sigara ni adui wa mifupa pia.

Siku ya kuja dispensere, bibi aje naye. Mje na majibu ya maulizo haya, hata kama mmeyaandika kwenye karatasi ya daftari la mtoto: maumivu yalianza mwezi gani; yanamwamsha mara ngapi usiku; anakojoa mara ngapi baada ya kulala; mshipi wake umerudi matundu mangapi; nani katika ukoo, upande wa baba na upande wa mama, alikufa kwa ugonjwa wa mkojo au wa mgongo; na vidonge gani amekwisha kumeza. Vile vilivyobaki, mvilete katika chupa yake au katika karatasi yake, tuvitazame.